Risala kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Uchapaji wa Tishu Hai katika Utafiti wa Tiba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri na wataalamu wa maabara,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kutenga muda wako kuja kuona kazi ya maabara ya tishu. Tunaomba kueleza kazi hii inavyokwenda, inapokwama na inachohitaji, kwa sababu wengi wameisikia kama habari ya mashine, yaani printa inayochapa tishu kwa seli hai. Mashine ni sehemu ndogo tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uhandisi wa tishu uliitangulia printa. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake nchini Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 7 waliorekebishiwa vibofu vya mkojo kwa tishu iliyokuzwa kutokana na seli zao wenyewe. Seli hizo zilipandwa kwa mkono juu ya kiunzi chenye umbo la kibofu. Kilicholetwa na printa ni uwezo wa kupanga seli ipi ikae wapi, safu juu ya safu.

Kazi yote huanzia kwenye wino hai, yaani jeli laini iliyobeba seli. Mchanganyiko mmoja unaotumika sana ni gramu 3 za aljinati, inayotokana na mwani wa kahawia, na gramu 7 za jelatini katika kila mililita 100. Jelatini hushikilia umbo wakati wa kuchapa na kuzipa seli mahali pa kujishikiza. Kwenye aljinati tupu seli hubaki duara, hazitambai wala kunyooka. Aljinati nayo hulinda umbo baadaye, pale kalsiamu inapoifunga minyororo ya molekuli zake. Ila haivumilii kutakaswa kwa mvuke wa shinikizo. Joto hilo hukata minyororo, na wino hutoka mwepesi kuliko uliokusudiwa.

Seli huongezwa mwisho, milioni 1 hadi 10 kwa kila mililita, wino ukiwa kwenye nyuzi 37 za Selsiasi. Huchanganywa polepole kwa kusukumwa huku na huku kati ya mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa mdomo kwa mdomo. Ukiharakisha unaingiza mapovu, na povu moja linatosha kukata uzi wa wino katikati ya safu. Wino ulio tayari usiachwe ukae ungali mwepesi: seli huzama kwa uzito wake, na tishu huanza na msongamano wa seli ikaishia na jeli tupu.

Kabla ya kuchapa, mtaalamu hutazama ncha ya sindano. Wino ukidondoka matone, joto limezidi. Ukitoka na mabonge na kukatikakatika, umepoa mno. Unaotakiwa ni uzi laini unaoning'inia bila kukatika, na kwa mchanganyiko huu hupatikana karibu na nyuzi 20 hadi 25. Sindano yenye tundu la mikromita 400, yaani milimita 0.4, inafaa kuanzia, shinikizo likipandishwa kidogo kidogo kutoka chini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanataka mistari myembamba, wanachukua sindano ndogo zaidi, wino unagoma, wanaongeza shinikizo. Seli zikilazimishwa kupita tundu jembamba husuguliwa hadi utando wake unapasuka. Umbo linatoka zuri la kupigwa picha, lakini ndani seli zimekufa.

Baada ya hapo kipande huzamishwa kwenye mmumunyo wa kloridi ya kalsiamu, takribani gramu 1.1 kwa mililita 100, kwa dakika 5 hadi 10. Anayekisuuza tena na tena kwa mmumunyo wenye fosfeti atakiona kikilegea, maana fosfeti huinyang'anya aljinati kalsiamu yake.

Kesho yake hupakwa rangi mbili: seli hai hung'aa kijani, zilizokufa nyekundu. Kuhesabu peke yake hakutoshi. Muhimu ni nyekundu imekaa wapi. Ikiwa imetapakaa kote, shuku sindano na shinikizo. Ikiwa imejikusanya pembeni, huenda kalsiamu ilikuwa kali au kipande kilizamishwa muda mrefu mno. Ikiwa iko katikati huku nje kukiwa kijani, seli zimekosa oksijeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hilo la mwisho ndilo kikwazo cha fani nzima. Oksijeni hupenya ndani ya tishu kiasi cha mikromita 100 hadi 200 tu kutoka kwenye mshipa mdogo wa damu. Ndiyo maana ngozi, iliyo nyembamba, na gegedu, isiyo na mishipa ya damu, zimetangulia. Sikio la gegedu lililochapwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe lilipandikizwa Marekani mwaka 2022. Moyo uliochapwa Tel Aviv mwaka 2019, mdogo kama wa sungura, seli zake ziliweza kujikunja lakini haukuweza kusukuma damu. Kwa hiyo tunaona si haki kumpa mgonjwa wa figo matumaini kwamba kiungo chake kinachapwa karibuni. Faida iliyo mikononi sasa ni kupima dawa: vipande vidogo vya tishu ya ini la binadamu vinaweza kuonyesha sumu ambayo mnyama wa maabara hakuionyesha. Marekani ilibadilisha sheria yake Desemba 2022, ikaruhusu majaribio ya namna hii kutumika badala ya wanyama kabla dawa haijaanza kujaribiwa kwa watu.

Kuhusu mahitaji, kuchapa huchukua dakika. Kukomaza tishu huchukua wiki, ndani ya inkubeta, yaani kabati la kukuzia seli, yenye nyuzi 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5. Umeme ukikatika usiku mmoja, kazi ya mwezi imekwenda. Tunaomba umeme wa akiba na mitungi miwili ya gesi inayopokezana. Tunaomba pia bajeti ya kila mwezi ya vitu vinavyokwisha, kwa kuwa chakula cha seli hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3, pamoja na vipimo vya mara kwa mara vya maikoplazima. Kijidudu hiki hakichafui rangi ya kimiminiko, na penisilini haikigusi kwa sababu hakina ukuta wa seli. Kinaweza kupotosha matokeo ya miezi bila mtu kushtuka. Mwisho, tunaomba utusaidie kuwapata madaktari wa upasuaji washirikiane nasi tangu hatua ya kusanifu, watueleze mapema kama kipande kitashika mshono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.