Fundi, usipige Windows kabla ya kusoma faili hili

Mhariri,

Kompyuta ya mezani ya mtu asiyeona ikinyamaza ghafla, mafundi wengi wa Kampala wana dawa moja: kupiga Windows upya. Mteja analipa, anaibeba nyumbani, na baada ya siku chache NVDA, programu ya bure inayomsomea skrini kwa sauti, inanyamaza vilevile. Ushahidi nao umeshafutwa.

NVDA huandika yanayoisibu kwenye faili liitwalo nvda.log. Ikiganda, bonyeza Control, Alt na N pamoja, mara moja tu. Itaanza upya, na rekodi ya mkwamo itabaki kwa jina la nvda-old.log. Ukiianzisha tena mara ya pili, rekodi hiyo inafunikwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabonyeza mara tatu, nne, kama wanaogonga mlango wa mdeni. Sauti ikirudi, bonyeza Windows na R, andika %temp%, gonga Enter, kisha nakili faili hilo kwenye flashi.

Ndani yake tafuta maneno "Core frozen in stack". Mistari inayofuata inataja kazi iliyokuwa ikifanyika programu ilipoganda. Ukikuta humo neno addons, mshukiwa ni nyongeza, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya NVDA. Bonyeza Insert na Q, chagua kuanza upya nyongeza zote zikiwa zimezimwa. Ikitulia, ziwashe moja moja. Toleo la kwanza la NVDA la mwaka, kama 2024.1, kwa kawaida hubadilisha mambo ya ndani na kuzima nyongeza za zamani. Kuzilazimisha ziwake ni kujitafutia balaa. Na mashine za mitumba zenye Windows 7 zisisumbuliwe na toleo jipya: la mwisho kwao ni 2023.3.4.

Ikiwa sauti ipo lakini ndani ya Firefox inasema "unknown" kila unapogusa, ugonjwa ni mwingine. Kuna programu iliyowekwa au kuondolewa ikavuruga usajili wa COM, njia ambayo programu za Windows huwasiliana. Bonyeza Insert na N, ingia Tools, endesha zana ya kurekebisha usajili huo, kisha washa kompyuta upya. Hakuna sababu ya kugusa Windows.

Tahadhari moja kabla ya kumpa mtu faili la rekodi: kiwango cha kurekodi kikiwa input/output au debug, vitufe ulivyobonyeza vimo, nywila ikiwemo.

Linalokera zaidi ni spika. Fundi anazichomoa kwa sababu ile sauti inampigia kelele, anatazama skrini, anasema "iko sawa." Skrini ya kompyuta ambayo NVDA yake imekufa haina tofauti na ya iliyo hai. Achomeke spika, azime skrini, aweke kipanya kando, afungue barua pepe moja kwa kibodi peke yake. Akiweza, ndipo aandike risiti.

Msomaji wenu,
Kampala