Pesa ya mnara ni ya mnara

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi mzima, kazi zinaendelea, baridi nimeizoea, tuyaache hayo. Ujumbe wako wa kuomba pesa nyingine nimeupata, na ule wa Baba Mdogo, alioutuma bila kukuambia, nao nimeupata. Nimechelewa kujibu makusudi, maana siku ile ningemvunjia heshima mtu mzima.

Pesa niliyotuma ilikuwa ya mnara wa kubeba mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo. Sasa imegeukaje kuwa ya mapanga marefu, yale yanayozungushwa na upepo, na mtambo upachikwe juu ya paa la nyumba kubwa? Baba Mdogo anasema upepo ni upepo. Huo wa kwenye paa ni upepo uliokwisha kugonga ukuta, ukagonga mwembe wa Bibi, ukavurugika. Mtambo utageuka huku na huku siku nzima bila kuzalisha cha maana, na mtetemo wake utawanyima usingizi wote mnaolala chini yake. Kanuni ni kwamba mapanga yawe juu kuliko kizuizi chochote cha karibu, kwa mita 10 hivi. Na mwembe usikatwe! Nimesikia hilo nalo limezungumzwa. Mimi nikiwa hai halifanyiki.

Mapanga yakirefushwa mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, hapo Baba Mdogo yuko sahihi. Lakini kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Hata kutoka mita 4 kwa sekunde kufika mita 5 tu, nguvu inakaribia maradufu. Kwa mapanga ya kipenyo cha mita 2.4, upepo wa mita 5 utakupa kama wati 100. Taa, simu, redio, basi. Upepo wa mita 3 hata wati 20 ni za kubahatisha. Ndiyo maana nalilia mnara.

Usimike kule juu, zizini. Unakumbuka upepo ule ulivyokuwa ukitunyang'anya kofia, wewe unalia, mimi nazikimbilia bondeni? Huku kuna usiku upepo unavuma vilevile, nakaa macho nikihesabu nani atakuwa amelala na nani bado yuko nje anapiga soga. Tuendelee.

Mtasema zizini ni mbali, umeme utapotelea njiani. Utapotea kweli mkitumia volti 12. Mkitumia 48, kwa nguvu ileile na waya uleule, mkondo unakuwa robo, na kinachopotea kwenye waya kinashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Ila uamuzi huo uufanye kabla hujaanza kusuka koili, yaani mizunguko ya waya inayozalisha umeme ndani ya mtambo, kwa sababu za volti 48 zinahitaji mizunguko karibu mara nne ya zile za 12, kwa waya mwembamba zaidi. Ukishazimwagia resini, ile gundi inayoganda ngumu, umeshafunga mjadala.

Mtambo wangu mimi nimeshausimika, nyuma ya karakana ya rafiki yangu. Watu wanasimama kupiga picha, wala siongezi chumvi. Mapanga matatu nimeyachonga kwa mkono, mbao zisizo na vifundo, shinani yamepindwa sana, nchani karibu bapa kuelekea upepo, ukingo wa nyuma mwembamba kiasi kwamba ukipitisha kidole unaogopa. Nikishayafunga kwenye kitovu, pale katikati yanapokutana, nayaacha yazunguke taratibu ndani, pasipo upepo. Kama panga lilelile linarudi chini kila mara, ni zito, nalikwangua kidogo. Fundi aliyezaliwa huku aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa baba yangu.

Mkia usiukaze moja kwa moja. Uwe na bawaba iliyoinama, ili upepo ukizidi mtambo wenyewe ugeuke ubavu na kuponyoka. Na usithubutu kukata nyaya za betri wakati mapanga yanazunguka: yakikosa mzigo, yaani kitu cha kupokea umeme, yatakimbia kupita kiasi, na volti itapanda mpaka iunguze vitu. Ukitaka kuusimamisha, unganisha nyaya zake tatu za kutolea umeme pamoja, zigusane; mtambo unajifunga breki wenyewe. Weka swichi ya kazi hiyo chini ya mnara, mahali watoto hawafiki. Betri zikijaa, umeme wa ziada uelekeze kwenye hita, usiuache bila pa kwenda.

Shangazi anayesema mtambo utaleta nuksi mwambie ana wenzake wa zamani. Mwaka 1887 James Blyth alijenga mtambo wa matanga ya nguo huko Marykirk, Uskoti, akawasha taa za nyumba yake. Umeme ulipomzidi akataka kuwapa wanakijiji wawashe taa za barabarani. Wakakataa, wakasema mwanga ule ni kazi ya shetani. Yeye akaendelea kuwasha zake.

Baba Mdogo umsomee barua hii yote, usiruke pale nilipomtaja. Namheshimu, lakini mtambo haupandi paani. Nijibu umbali wa kutoka zizini hadi chumba cha betri, upimwe kwa kamba, si kwa hatua zake. Nikiupata nitatuma pesa ya waya, na safari hii itapitia kwa Mama.

Ni mimi kaka yako.