Siku ya kurudi mjini ndiyo ya kuogopwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo moja kuhusu vijana wanaotumia unga, yaani dawa za kulevya, na namna familia za huku Kanda ya Ziwa zinavyowaachisha.

Kikao cha ukoo kwa kawaida hutoka na moja ya maamuzi mawili. Kijana afungiwe ndani wiki nzima, mlango upigwe kufuli, mpaka arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, imwishe. Au avushwe ziwa apelekwe kwa mjomba wake Ukerewe, Kome au Maisome, akae kambi ya uvuvi mbali na wenzake wa kijiweni, avute nyavu mpaka akili imrudie. Hatuwabezi wanaofanya hivyo. Wengi wameshauza kiwanja, wameshaibiwa kuanzia sufuria hadi mabati, na hawajui pa kushika. Na kusema kweli njia zote mbili humwachisha mtu kwa muda. Shida ipo siku ya kurudi.

Mtu anayetumia heroini kila siku, mwili wake huzoea. Heroini huidumaza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na sehemu hiyo hujifunza kufanya kazi hivyo hivyo ikiwa imelemewa. Ndiyo sababu mtumiaji wa miaka mingi anaweza kuvuta au kujidunga kiasi ambacho kingemuua asiyewahi kutumia. Akikaa bila kutumia, mazoea hayo huanza kupungua ndani ya siku chache, na baada ya wiki mbili tatu mwili umekuwa wa mgeni. Ila hesabu ya kete (vipakiti vya unga) alizokuwa akitumia haijamtoka kichwani. Anashuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, anakutana na rafiki wa zamani, ananunua kilekile alichozoea kununua, na pumzi inakata. Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka gerezani zinafahamika duniani kote kuwa za hatari kupindukia kwa mtumiaji wa heroini, kwa sababu hiyohiyo. Kwa jambo hili, kisiwa na chumba chenye kufuli havina tofauti na gereza, hata kama aliyekuweka humo ni mama yako mzazi.

Uvuvi wa dagaa unalizidisha tatizo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi huegeshwa. Kijana aliyekaa wiki mbili ziwani bila unga huvuka mjini akiwa na posho yote mfukoni na siku kadhaa zisizo na kazi. Mtu akitaka kupanga mtego hawezi kupanga vizuri zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kabla ya kufunga mlango au kukata tiketi ya meli ya Nansio, Ukerewe, familia ijue kwanza kijana anatumia nini, maana mitaani heroini na kokeini zote huitwa unga na kila moja ina mambo yake. Mtazame machoni. Wa heroini mboni zake husinyaa zikawa kama tundu la sindano, husinzia akiwa ameketi huku kichwa kikidondoka, hujikuna, na choo humfunga. Wa kokeini mboni hutanuka, huongea bila kupumzika, hasikii njaa wala usingizi, taya zinasaga. Akikosa, tofauti huonekana zaidi. Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho: miayo, machozi, makamasi, vipele vya baridi, mifupa kuuma, kutapika na kuharisha. Hufikia kilele siku ya 2 au ya 3 na kutulia ndani ya wiki moja. Wa kokeini hana hayo ya kutapika na kuharisha. Yeye huanguka usingizi, huamka na njaa kali, kisha huingiwa na huzuni nzito.

Kuna na la tatu ambalo familia nyingi hulisahau. Wapo wanaotumia heroini pamoja na gongo kila siku, au pamoja na vidonge vya kutuliza vya Valium vinavyopatikana kimagendo. Huyo usimfungie ndani hata siku moja. Arosto ya heroini pekee ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya akipewa maji ya kutosha, lakini kukatisha ghafla pombe kali au Valium kwa mtu aliyezoea huleta degedege, na siku ya 2 hadi ya 4 mlevi anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, mwili ukapanda joto mpaka akafa. Hiyo ni kazi ya hospitali. Dozi ya vidonge hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Kwa arosto ya heroini inayopita nyumbani, anayekufa mara nyingi huwa amekaukiwa maji kwa kutapika na kuharisha huku wasimamizi wakisema anajidai. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo kila anapoharisha au kutapika. Macho yakidumbukia, au akipitisha nusu siku bila kukojoa, mlango ufunguliwe apelekwe kituo cha afya. Na kufuli yenyewe hatuioni ina faida gani. Moto ukizuka usiku, au akipata degedege, nani ana ufunguo?

Sasa tuseme la pumzi kukata, kwa kuwa hapo dakika ndizo zinazoamua. Aliyezidiwa na dozi haamki ukimwita wala ukimsugua kifuani kwa vifundo vya ngumi. Anapumua kwa mbali au anakoroma kama anayegugumia maji. Kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona uso ukibadilika rangi. Funua mdomo utazame ufizi, na kucha, kama vimekuwa vya kijivu au samawati. Mlaze chali, inamisha kichwa nyuma, toa kilichomo mdomoni, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde 5, na hakikisha kifua kinanyanyuka. Mwingine atafute usafiri na ambulensi wakati huohuo. Dawa ya kumrudisha ipo, inaitwa naloksoni. Ampuli ya miligramu 0.4 huchomwa kwenye msuli na hurudiwa baada ya dakika 2 au 3 kama pumzi haijarudi. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze alale ubavu. Asiachwe peke yake, kwani naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90 na heroini iliyobaki mwilini inaweza kumlaza tena. Maziwa, maji ya baridi, kumchoma maji ya chumvi, kumkokota atembee: vyote hivyo vinapoteza muda, na maziwa yanaingia kwenye mapafu.

Tiba yenyewe ya heroini ni methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini mwilini. Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza Muhimbili mwaka 2011, na hapa Mwanza inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, bila malipo. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, kisha huongea au hunywa maji ili ithibitike amemeza. Huanza na kiasi kidogo, miligramu 10 hadi 30, na siku ya kwanza isizidi 40. Hupandishwa taratibu mpaka wengi hutulia kati ya 60 na 120. Hapa ndipo familia hukosa subira. Wanaona wiki ya kwanza bado anatetemeka na kutoka jasho, wanasema dawa ni ya uongo, naye anakwenda kuongezea kete. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo ya leo hukuta ya jana haijaisha. Kiasi kinachoonekana kidogo Jumatatu kinaweza kuwa kikubwa Alhamisi. Ukiharakisha kupandisha, au mgonjwa akijazia pombe, Valium au kete juu yake, analala asiamke.

Mawili mengine hukosewa sana. Aliyekosa kunywa siku 3 mfululizo asirudi akadai dozi yake ileile, kwani lazima apimwe na mara nyingi ipunguzwe. Akipitisha siku 5, kwa kawaida huanza upya kutoka chini. La pili ni kifua kikuu. Rifampisini, moja ya dawa za TB, huifanya methadoni ivunjwevunjwe haraka mwilini, na mgonjwa aliyekuwa ametulia hurudi kwenye arosto ndani ya wiki moja au mbili. Hajawa mkaidi. Dozi inahitaji kupandishwa, na dawa za TB zikiisha ishushwe tena polepole. Kliniki mbili zisipozungumza, mgonjwa huacha moja, na anayoiacha mara nyingi ni ya TB.

Tunasikia sana maneno kwamba methadoni ni kumtoa mtu kwenye unga na kumtia kwenye unga mwingine. Anayesema hivyo amtazame aliyetulia kwenye dozi: halewi, hatafuti hela ya kete kila baada ya saa sita, hachangii sindano, anaweza kushika kazi. Mwili wake bado unategemea dawa, hilo ni kweli, na hata nyumba za upataji nafuu (sober house) zinazomtaka kwanza aache methadoni ndipo wampokee zinalishikilia hilo. Sisi tunaona wanamtoa mahali salama na kumpeleka kwenye ile ile siku ya kurudi tuliyoieleza. Mwaka mmoja kwenye methadoni ni muda mfupi. Kushusha dozi ni uamuzi wa mgonjwa na daktari, na huchukua miezi.

Kokeini haina methadoni yake. Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuichukulia nafasi, na anayemleta mtumiaji wa kokeini kwenye dirisha la methadoni atarudishwa, kwa haki kabisa. Iliyovutwa puani raha yake hukaa karibu nusu saa, ya kuvuta kama moshi haifiki hata dakika 15, ndiyo maana mshahara wa mwezi huisha usiku mmoja. Kijana akilalamika kifua kinabana baada ya kuitumia, ni dharura ya moyo hata kama ana miaka 22. Na akiwa amekunywa pombe, ini huvichanganya viwili hivyo kuwa sumu ya tatu iliyo kali zaidi kwa moyo. Tiba ni ya mazungumzo, kila wiki kwa miezi, pamoja na kipimo cha mkojo mara 2 au 3 kwa wiki kwa kuwa alama zake huonekana siku 2 hadi 4 tu. Kilichothibitika kufanya kazi ni kumpa zawadi ndogo kila mkojo ukitoka safi, papo hapo. Wazee wengi huona ni kumdekeza, lakini inazidi mahubiri. Nyumbani, posho yake ipokelewe na mtu anayemwamini na atoe kidogo kidogo, na wiki za mwanzo asilale peke yake, kwani ile huzuni imewafanya wengine kujiua.

Tunarudi kwa wa visiwani. Kunywa dawa kila asubuhi Sekou Toure kunawezekana kwa mkazi wa Igogo au Mabatini. Kwa mvuvi wa kisiwa cha Ukara haiwezekani, na ndio hao wanaopelekwa huko makusudi. Mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dozi za siku kadhaa aende nazo, zikiwa kwenye kisanduku chenye kufuli mbali na watoto, maana dozi moja ya mtu mzima inamuua mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu. Ipo pia buprenofini, dawa nyingine ya uraibu wa heroini, ya sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi, ambayo ingemfaa mvuvi kuliko mtu yeyote. Tunaiomba Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya zianze na lililo rahisi: naloksoni iwepo kwenye kila zahanati ya mwaloni, na wauguzi wa zamu ya usiku wafundishwe kuichoma.

Nanyi wajomba wa visiwani, kijana akiaga kwamba anarudi mjini, pigeni simu nyumbani kabla chombo hakijaondoka, mtu ampokee bandarini na kumfikisha kliniki siku hiyohiyo.

Wahudumu wa tiba ya uraibu,
Nyamagana, Mwanza