Mkulima wa Sabaki alipwe kwa nyasi zilizoshika, si kwa miche aliyogawiwa

Mhariri,

Kila masika bahari ya Malindi ikigeuka kahawia, wa kwanza kulaumiwa ni mkulima wa kando ya Sabaki. Lawama hizo si za haki: mto huu huanza kama Athi karibu na Nairobi, na tope jingi huja nao kutoka bara. Lakini sehemu yetu ipo, na kaunti ikiamua kuwalipa wakulima wahifadhi udongo, isiishie kwenye kugawa miche na kupigwa picha.

Marekani ina mpango wa namna hiyo tangu 1985. Mkulima hupumzisha shamba linalomomonyoka, akapanda nyasi au miti, na serikali humlipa kodi kila mwaka, kama aliyelikodi shamba hilo, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Kwa kawaida shamba sharti liwe limelimwa miaka 4 kati ya 6 iliyowekwa; bila hilo kila mwenye kichaka angejiandikisha. Anayevunja mkataba hurudisha alicholipwa, na riba juu. Dosari yake ni kwamba kodi ikishapangwa haifuati soko. Nafaka ilipopanda bei, wengi hawakuirefusha mikataba yao: ekari zaidi ya milioni 36 za mwaka 2007 zikashuka chini ya milioni 25 kufikia 2015. Huku kwetu, bei ya mahindi inavyoruka, kiwango kipitiwe kila baada ya miaka miwili.

Ukingo wenyewe wa mto, mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake, sheria imeshakataza kulimwa. Kumlipa mtu kodi ya hapo ni kumlipa asivunje sheria. Apewe ujira wa kupanda tu. Kodi ianzie juu ya hapo. Ukanda wa nyasi wa mita 10 kwa 200 ni karibu nusu ekari, na kwa mwenye ekari mbili hilo ni pengo la chakula, si jambo dogo.

Vetiva, nyasi ya mizizi mirefu inayoshika udongo, ipandwe sentimita 10 hadi 15 kutoka shina hadi shina, kwenye mstari uliopimwa kwa kamba na pimamaji. Mstari ukizama mahali pamoja tu, maji yote hukimbilia hapo. Shina likifa na pengo lisizibwe, masika yanayofuata hapo pana mfereji, na baadaye korongo. Ndiyo maana mkaguzi afike mara mbili: mvua zikiwa zimeanza, pengo bado linazibika, na tena Agosti kuona kilichoshika. Anayekuja siku ya kupanda peke yake hajakagua kitu. Mbuzi nao wazuiwe mpaka nyasi zikomae.

Gumu zaidi ni hati za ardhi. Mashambani kwetu wengi wanaolima hawana hati, na mwenye hati pengine hajawahi kuonekana. Pesa zikifuata hati, mwenye jembe ataing'oa vetiva apande mahindi, na hatakuwa na kosa. Mpango wa Marekani humkubali hata anayeliendesha shamba bila kulimiliki, mradi awe nalo kwa miezi 12. Hapa mzee wa kijiji na majirani wa mpakani wanaweza kuthibitisha nani analima wapi.

Mwisho, malipo yaingie kwenye simu ya mkulima Februari, wakati anatafuta mbegu na kibarua. Yakingoja Juni, kaunti inapofunga hesabu zake, ukanda utakuwa umeshalimwa.

Msomaji,
Malindi