Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Mkuu wa Shule. Wajumbe wa Bodi ya Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya barabara uliyoiona mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwaka huu klabu yetu ilitembelea boma la Wamaasai humu humu mkoani Lindi. Tumewazoea mjini, wakilinda maduka na kuuza dawa za mizizi stendi. Majumbani tunawasikia wakitajwa ng'ombe wanapoingia kwenye ufuta. Nyumbani kwao hatukuwahi kufika.

Asili yao ni nyanda za Arusha na Manyara. Kusini kwetu mbung'o walitawala, ndiyo maana babu zetu walishika jembe, wakafuga kuku na mbuzi. Mifugo iliongezeka sana baada ya mwaka 2006, Serikali ilipowaondoa wafugaji bonde la Usangu na wengi wao kuelekezwa Lindi.

Bomani, watoto walimwinamishia mwalimu wetu vichwa awaguse utosini. Ndiyo shikamoo yao. Nyumba hujengwa na mama kwa fito, udongo na samadi, na huwa yake. Wamwera wenzetu, waliozoea ukoo kuhesabiwa kwa mama, walifurahi sana, mpaka walipoambiwa kwamba ukoo wenyewe ni wa baba.

Jioni tuliona ukamuaji. Ndama huletwa kwanza anyonye ili maziwa yashuke, kisha mama hukamua chuchu za upande mmoja na kumwachia ndama upande wa pili. Kibuyu kilikwisha kufukizwa kwa kijinga cha moto, hivyo maziwa yananukia moshi. Baadhi yetu waliomba sukari. Haikuwapo.

Mwalimu alikuwa ametuonya tusiulize idadi ya ng'ombe, maana si adabu. Wala mzee hakuhesabu: alisimama mlangoni mwa zizi, akatazama rangi na pembe zikipita, akasema mtamba mmoja hajarudi. Layoni, yaani mvulana ambaye bado hajatahiriwa, alitumwa, akarudi naye kabla ya giza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Karibu na boma kuna majani yaliyoachwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa tu. Kiangazi kikikolea, vijana huhama na kundi kubwa kwenda ronjo, yaani kambi ya muda ya malisho. Hapo ndipo tabu inapoanza, kwa sababu mvua zinapokatika ufuta wetu bado uko shambani, umefungwa matita ukikauka. Kwa maoni yetu ugomvi huu hauletwi na ukorofi wa kabila lolote. Kijiji kisichopanga ardhi yake hakina njia ya mifugo wala mahali pa kunyweshea, na ng'ombe hana mabawa.

Kwa hiyo tunaomba vijiji vinavyotuzunguka visaidiwe kupata mipango ya matumizi bora ya ardhi, njia za mifugo ziwekewe alama kabla ya msimu ujao wa ufuta, na josho lijengwe, maana kupe huleta ndigana kali inayoua ndama. Kwa upande wa shule tunaomba hosteli, ili watoto wa bomani nao wasome wakati wazazi wao wamehama.

Wazee waliotupokea wamekuja leo, wameketi safu ya nyuma. Tunakuomba uzungumze nao kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.