Makala yenu iliishia mlangoni

Mhariri,

Huu ni mwaka wa 12 nasoma gazeti lako nikiwa Bristol, na sijawahi kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu nyumba za mji wa Bath, hapa Uingereza, za miaka ya 1790 ilidai sheria inalinda sura ya mbele tu, ndani mwenye nyumba ajifanyie atakavyo. Si kweli. Sheria ya Uingereza ya 1990 inalinda nyumba nzima iliyoorodheshwa kuwa ya kihistoria, ndani na nje, na kuibadilisha bila kibali kwa namna inayogusa sura yake ya kihistoria ni kosa la jinai.

Mwandishi wenu kasifu mawe ya rangi ya asali na kioo cha nusu duara juu ya mlango, akaondoka. Angepanda ngazi angeona madirisha yanavyopungua kimo kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu: wageni walikaribishwa ghorofa ya kwanza, watumishi wakalala chini ya paa. Huo ndio usanifu wenyewe.

Linaniuma kwa kuwa mimi ni mwashi. Miaka 3 iliyopita mwenye nyumba mmoja kule Bath alitutaka tupige lipu ya saruji jikoni, chini ya ardhi, kwenye kuta za mawe na chokaa. Nilimwambia ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba, maji yatapanda kutafuta pa kutokea. Akasema harufu ya ukungu imemchosha, anataka kazi iishe Ijumaa. Ikaisha. Kufika Machi, doa lilishavuka saruji yetu likaingia chumba cha kulia, rangi imevimba malengelenge. Ule ubao unaozunguka chini ya ukuta, uliodumu miaka zaidi ya 200, niliugusa kwa kidole kikazama hadi kwenye kiungo. Mpaka leo nikipita mtaa ule natazama pembeni.

Na nyumbani, Mji Mkongwe, ni yale yale. Kuta za matumbawe na chokaa zinapigwa saruji, kisha watu wanalalamika zinatoa chumvi. Mlango wa nakshi unapigwa picha kutwa. Boriti zinazooza darini hakuna anayeziuliza.

Fundi yeyote, kabla hajakabidhiwa nyumba kama hizi, Bath au Unguja, apewe pipa moja la chokaa ailoweke mwenyewe, aisubiri miezi 3, ndipo aguse ukuta. Na mwandishi wenu arudi Bath, aanzie jikoni.

Mwashi,
Bristol, Uingereza