Yah: Malalamiko kuhusu kuonyesha na kuhesabu chipsi kwenye meza za poka

Meneja wa Kasino,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wachezaji wa mashindano ya poka ya Jumamosi ukumbini kwenu. Tangazo lenu pale kwenye dirisha la keshia linasema mashindano yanaendeshwa kwa kanuni za TDA, chama cha wakurugenzi wa mashindano ya poka kilichoanzia Las Vegas mwaka 2001. Tumejisajili tukiamini tangazo hilo. Sasa kuna jambo moja, nalo ni nani ana haki ya kujua mpinzani ana chipsi ngapi, yaani vile visahani vya kuchezea vyenye thamani, na ajue kwa njia gani, ambalo wasimamizi wenu wanalitumia kwa nusu ya kanuni. Nusu nyingine wanaiacha kabatini.

Duru iliyozua mzozo ni hii. Blaindi, yaani madau ya lazima ya kuanzia duru, zilikuwa 1,000 na 2,000. Mchezaji wa kiti cha tatu akaweka zote, yaani chipsi zake zote zikawa dau. Kiti cha saba, aliyekuwa na 49,000, akaomba hesabu kabla ya kuamua. Dila, yaani mgawa karata, hakugusa chipsi hata moja, aliinama, akazitazama ubavuni, akasema, "Elfu arobaini na mbili." Alichokiona ni chipsi 35 za 1,000 na kijinara cha chipsi 14 alizodhani zote ni za 500. Kiti cha saba akafuata, yaani akakubali kulipia dau hilo, akashindwa. Minara ya chipsi ilipokatwa mafungu wakati wa kulipa, chini kabisa ya kile kijinara ikatokea chipsi ya 5,000. Kwa hiyo zilikuwa 13 za 500, si 14, na jumla ya kweli ni 46,500. Kiti cha saba, badala ya kubaki na 7,000, akabaki na 2,500: blaindi kubwa moja na chipsi ya 500 juu yake.

Msimamizi wa zamu alipoitwa alisema anayefuata dau ndiye mwenye jukumu la kujua kiasi chake, hata dila akikosea. Akaondoka.

Tuseme ukweli, kanuni hiyo ipo na haijaandikwa kwa ajili ya kumwonea mtu. Ukifuata dau, umekubali kiasi chake sahihi, hata kama uliambiwa kingine. Lakini kanuni hizohizo zina kifungu kuhusu chipsi iliyofichika ikagunduliwa baada ya mwenzake kufuata. Hapo msimamizi anatakiwa kwanza apime kama chipsi hiyo inaweza kuhesabiwa kwa haki kuwa sehemu ya dau lililofuatwa. Akiona haiwezi, mwenye kuificha akishinda halipwi kwa chipsi hiyo, na akishindwa haimwokoi. Jumamosi ile hakuna aliyepima. Swali lenyewe ni jepesi: je, mtu aliyekaa kiti cha saba angeweza kuiona ile ya 5,000? Halikuulizwa. Huenda jibu lingekuwa lilelile, lakini lingekuwa jibu.

Chanzo cha yote kilikuwa mezani tangu mapema. Chipsi zenu za 500 ni zambarau na za 5,000 ni hudhurungi. Chini ya taa zenu za njano, ukizitazama kwa ubavu, ni ndugu mapacha. Kanuni inataka chipsi kubwa zionekane na kutambulika muda wote, na minara ipangwe ili ihesabike, ikipendekezwa ya 20. Dila akiona kubwa imekaa nyuma au chini, aseme pale pale kabla hajagawa karata. Kwenye meza zenu tunaona viganja vimefunika minara na milima ya chipsi zilizochanganywa rangi, na dila anaendelea kugawa tu.

Hesabu nayo ina namna yake. Dila atenganishe chipsi kwa thamani akianza na kubwa, kisha akate kila mnara wa 20 katika mafungu manne ya tano tano. Mafungu yakikaa kimo kimoja, hesabu imejihakiki yenyewe, na rangi ngeni haina pa kujificha. Ndipo ataje jumla kwa sauti inayosikika meza nzima. Haichukui hata dakika moja. Kukadiria kwa jicho si kuhesabu.

Madila wawili wa zamu ya usiku wana mtindo mwingine: wanamwambia aliyeweka zote ahesabu mwenyewe na amtajie mpinzani. Halazimiki. Asipotaka, kazi hiyo ni ya dila au msimamizi. Mtu aliyeweka zote ana haki ya kukaa kimya. Ukimlazimisha kushika chipsi na kutamka tarakimu, unampa mpinzani vidole vinavyotetemeka na sauti ya kusoma, bure.

Tena wapo wanaozidisha wema. Dau ni 5,000, mtu anauliza mwenzake ana ngapi kwa jumla, na dila anajibu, "Huyu ana thelathini na nane." Si kazi yake. Hesabu kamili ni haki ya anayekabili dau la kuweka zote. Wengine wakadirie kwa macho, na kukadiria ni sehemu ya mchezo. Anachoweza kuomba mchezaji ni mwenzake aondoe mikono chipsi zionekane, bila kunyoosha kidole kuzigusa. Anayeulizwa "una ngapi?" akinyamaza hajakosa adabu. Hata fungu la katikati, yaani madau yaliyokusanywa, katika poka isiyo na kikomo cha dau, dila halihesabu.

Kwenye meza za pesa taslimu tuna neno moja tu: noti za elfu kumi zinazokaa chini ya chipsi, zimo mchezoni au hazimo? Zamu moja husema zimo, nyingine hazimo.

Hatudai kurudishiwa chipsi za Jumamosi ile, mashindano yamekwisha. Tunaomba jibu la maandishi kama kifungu cha chipsi iliyofichika kinatumika ukumbini kwenu au la, madila wafundishwe kukata minara, kanuni hizi zibandikwe kwa Kiswahili karibu na kila meza, na chipsi za 5,000 zibadilishwe rangi. Hilo la rangi likibidi kusubiri bajeti, hata utepe mweupe ubavuni utatosha.

Tusipopata jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, tutaipeleka kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha pamoja na picha ya tangazo lenu la dirishani.

Wenu,
Wachezaji wa mashindano ya Jumamosi
(majina na sahihi zimeambatanishwa)